Ushuhuda Unasimuliwa Mbele ya Nani?

Mwaka 1870, huko Paris, kilitoka kitabu kidogo cha Kifaransa kuhusu msichana wa Kiyao aliyeitwa Swema. Kichwa chake kinamtangaza kuwa mtumwa mdogo wa Kiafrika aliyezikwa akiwa hai, na kweli ndivyo kisa kinavyosema. Baba yake aliuawa na simba. Mama akakopa nafaka, akashindwa kulipa, na mdai akaja kuchukua kilichokuwepo: mtoto. Msafara wa watumwa ulipopita, Swema akauzwa. Mama akawasihi wenye msafara wamchukue na yeye, atabeba pembe za ndovu, ilimradi awe karibu na mwanawe. Wakakubali. Njiani nguvu zikamwishia, akaachwa. Mtoto alifika Unguja akiwa mahututi, wakamhesabu maiti kabla hajawa maiti, wakamfukia juujuu. Kijana mmoja kutoka Réunion akasikia sauti, akamtoa, akampeleka kwa masista wa misheni ya Kikatoliki mjini.

Mimi nimemjua Swema kupitia mwanahistoria Edward Alpers, aliyemrudisha mezani mwaka 1983, na kila nikisoma nakwama palepale: mama na pembe za ndovu. Mwanamke huru anaomba kubebeshwa mzigo wa watumwa. Sidhani kama kuna mtu Paris angeweza kukibuni kipande hicho. Lile deni la nafaka pia, jinsi lilivyoanza dogo likaishia kumla mtoto, lina harufu ya jambo lililotokea kweli.

Halafu unafika mwisho wa kisa. Majeruhi mmoja analetwa kwenye misheni, Swema anamtazama, anamtambua. Ni mmoja wa wale waliomtesa safarini. Anaambiwa asamehe. Anapambana na nafsi yake, anasamehe, na njia ya ubatizo inafunguka. Hapo ndipo nahisi mkono mwingine umeishika kalamu. Sisemi hakusamehe. Huenda alisamehe kweli, na kama alisamehe basi alikuwa na moyo mpana kuliko wangu. Ninachosema ni kwamba kisa kimepita kwa Padri Anton Horner aliyekiandika, kikapita kwa Monsinyori Gaume aliyekichapisha, na kikawafikia Wakatoliki wa Ufaransa ambao sadaka zao ndizo zilizokuwa zikiendesha misheni kama ile ya Unguja. Msomaji yule alihitaji mwisho wa namna ile. Na mwisho wa namna ile akapewa.

Watu wa dini na watu wa fasihi wote wanapenda kujadili ushuhuda kwa kuuliza kama ni wa kweli. Ni swali la haki, lakini kwa mtu anayeishi kwa kuandika habari za wengine kuna swali linalotangulia: ulisimuliwa mbele ya nani? Historia ya Ukristo katika eneo letu inalijibu vizuri kuliko kitabu chochote cha nadharia nilichosomeshwa chuoni.

Tubaki Unguja. Miaka michache kabla ya kitabu cha Swema, mwaka 1864, Waanglikana wa UMCA walihamia hapo baada ya jaribio lao la kwanza kule bondeni mwa mto Shire kuishia kwenye vifo na homa. Askofu Tozer alikuja na rafiki yake Edward Steere, msomi wa sheria aliyegeuka kuwa kasisi. Steere hakuanza na kuhubiri. Alianza na kusikiliza. Aliwakalisha watu wa mjini wakamsimulia hadithi, akaziandika kama walivyozisema, na mwaka 1870, mwaka uleule wa Swema, akachapisha London kitabu cha hadithi za Waswahili, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa wa pili. Humo ndimo alimo Sultani Darai, humo alimo punda wa dobi, humo alimo Mwalimu Goso.

Goso mnamfahamu. Mwalimu anasomesha watoto chini ya mbuyu, paa anapanda kuiba mabuyu, buyu linaanguka, linampiga mwalimu kichwani, anakufa. Watoto wanataka kujua nani aliyemuua. Wanaukamata upepo wa kusi. Kusi inasema, ningekuwa na nguvu hizo ningezuiwa na kiambaza? Wanakiendea kiambaza, kinamtaja panya, panya anamtaja paka, na kuendelea, kila mmoja ana wa kumsukumia. Mwisho wanamfikia paa. Paa hana la kusema, na wao wanahesabu kimya chake kuwa ndiyo jibu. Kwangu mimi hiki ni kisa bora kabisa kuhusu ushahidi kilichowahi kusimuliwa pwani, na kinachekesha kuona kwamba aliyekipeleka chapani ni mtu aliyekuja kutafuta mashahidi wa aina nyingine.

Maana hadithi ya pwani haidai kuaminiwa. Msimulizi anabisha hodi, wasikilizaji wanaitikia: uongo njoo, utamu kolea. Wamekubaliana kabla hajafungua mdomo. Ushuhuda wa Kikristo unaingia kwa mlango wa nyuma yake. Unaanza kwa kusema hili ni kweli, lilinitokea mimi. Kwa hiyo aliyezoea kusimulia mbele ya watu wanaoualika uongo kwa furaha, sasa anaambiwa asimulie mbele ya watu wasioutaka kabisa, lakini ambao, ukiwaangalia vizuri, nao wana utamu wao wanaoutaka ukolee.

Wavulana wa Kiungani waliingia kwa mlango huo. Kiungani ilikuwa shule ya UMCA nje kidogo ya mji wa Unguja, na wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa watoto waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa. Wa kwanza kabisa walikuwa watano, waliotolewa na Sultani Majid kwa Askofu Tozer mwaka 1864. Mmoja wao, John Swedi, alikuja kuwa shemasi mwaka 1879. Mwingine aliyefika misheni baadaye, Cecil Majaliwa, alipewa ukasisi mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kufikia daraja hilo. Lakini hao ndio waliotajwa kwa majina vitabuni. Mimi nawafikiria zaidi wale waliokaa darasani siku moja wakaambiwa: andikeni mlikotoka.

Wakaandika. Nyumbani, vita, kukamatwa, kuuzwa na kuuzwa tena, njia ndefu ya kwenda pwani, jahazi, manowari ya Waingereza. Mwaka 1887 maandishi yao yakatoka London kama kitabu kiitwacho Kiungani, kimetafsiriwa na kuhaririwa na A. C. Madan. Ndiyo, Madan yuleyule wa kamusi. Kamusi yake ya Kiswahili kwa Kiingereza ya mwaka 1903 ndiyo iliyojengewa juu kamusi ya Johnson ya 1939, na humo sote tumechota maneno. Kwa hiyo mtu aliyepanga maana za maneno yetu ndiye pia aliyepanga visa vya watoto hawa. Alikuwa mhariri mwangalifu, hilo hatuna haja ya kumnyima. Hata hivyo watoto walioandika kwa maneno yao walisomwa kwa Kiingereza, na watu wasioweza kamwe kuwauliza swali. Msomaji wa Uingereza hakuijua njia ya kwenda Kilwa. Hakuweza kusema, hapana kijana, hapo umeruka.

Ilichukua karibu miaka hamsini kisa cha aina hii kurudi kwa Kiswahili kwa wasomaji wa Kiswahili. James Mbotela, mtoto wa mtumwa huru wa Kiyao, aliyekulia katika jamii ya Freretown pale Mombasa, alitoa Uhuru wa Watumwa mwaka 1934. Wahakiki wamekilaumu kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi, na wana hoja. Lakini jamani, angalau wajukuu wa waliosimuliwa waliweza kukisoma na kubishana nacho. Hilo Swema hakulipata.

Sasa hebu tuondoke pwani twende bara, kwa sababu wakati Mbotela anachapisha kitabu chake, kwenye vilima vya Rwanda na Uganda lilikuwa limeanza jambo lililogeuza meza nzima.

Mwezi Septemba 1929, kwenye kilima cha Namirembe jijini Kampala, daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Gahini, Rwanda, alikutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi. Walisoma Biblia pamoja, wakasali, wakaachana wakiwa watu wengine. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, akaenda kufundisha Gahini. Kufikia katikati ya miaka ya 1930 moto ulikuwa umewaka, Kigozi akafariki mapema mwaka 1936 akiwa bado kijana, na moto ukaendelea bila yeye: Uganda, Burundi, Kenya, na mwishoni mwa muongo ule, Bukoba. Tunauita Uamsho wa Afrika Mashariki. Waliouingia waliitwa Balokole, waliookoka, kwa Kiganda, na ndipo tulipopata neno mlokole, ambalo siku hizi tunambandika mtu yeyote anayesali kwa sauti kubwa jirani na nyumba yetu.

Uamsho haukuwa na mwandishi mmoja. Ulikuwa na ushuhuda. Watu walikutana kwenye vikundi vidogo, mmoja anasimama, anaeleza alivyokuwa, anataja dhambi kwa jina lake, anaeleza jinsi msalaba ulivyomfikia, na wenzake wanampokea kwa wimbo, mara nyingi ule wa Kiganda wa Tukutendereza uliovuka mipaka yote bila kutafsiriwa. Walisema wanatembea nuruni. Na nuru yenyewe ilikuwa na masharti: haitoshi kusema mimi ni mwenye dhambi. Hiyo kila mtu anaweza. Ulitakiwa useme uliiba nini, kwa nani, na ukirudishe.

Wakarudisha. Ng'ombe, pesa, vifaa vya misheni na vya serikali. Watu wazima walikwenda kwa mabwana zao wakiwa na vitu mkononi. Hapa ndipo fasihi yangu inapochangamka, kwa sababu hakuna mbinu ya usimulizi inayoshinda ng'ombe aliyerudishwa. Ushuhuda wa Kiungani uliishia kwenye ukurasa. Ushuhuda wa Uamsho uliishia kwenye zizi la jirani, na jirani alikuwepo, anahesabu. Ukisema ulikuwa mlevi, mkeo amekaa benchi la pili. Ukisema umeacha, kesho asubuhi muuza pombe naye ni shahidi. Kwa miaka sitini watu wa eneo letu walikuwa wakisimuliwa mbele ya wageni wa mbali. Ghafla wakaanza kujisimulia wenyewe, kila wiki, mbele ya watu pekee waliokuwa na uwezo wa kuwabisha.

Ningependa wanafunzi wa fasihi walione hili. Tukizungumzia tawasifu kwa Kiswahili tunamtaja Shaaban Robert, na tunafanya vizuri. Lakini wakati Shaaban anaandika maisha yake peke yake mezani, maelfu ya wakulima, wapishi, walimu wa vijijini na akina mama ambao hawajawahi kushika kalamu walikuwa wanatunga maisha yao kwa mdomo, yana mwanzo, yana kituo cha kugeukia, yana ushahidi. Hakuna aliyeyaita fasihi. Yalikuwa ibada tu.

Isitufanye tuone ilikuwa pikiniki. Wazee wengi walichukizwa, na siwalaumu wote. Katika jamii ambazo aibu ya mtu mmoja ni aibu ya ukoo, kijana anasimama hadharani anataja uzinzi wake, yaani anamtaja na mwenzake, na mume wa mwenzake yumo nyumba ya tatu. Mwanahistoria Derek Peterson, katika kitabu chake cha mwaka 2012 kuhusu Uamsho, anaonyesha jinsi wazalendo wa makabila mbalimbali walivyowaona walokole kama watu wanaobomoa heshima ambayo wao walikuwa wakihangaika kuijenga. Unamheshimishaje Mhaya au Mkikuyu mbele ya mkoloni, wakati ndugu zake wanasimama hadharani kutangaza uchafu wa nyumbani? Wanawake nao walipata sauti mbele ya wanaume, na kwa baadhi ya wanaume hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko dhambi yoyote iliyotajwa.

Kenya mambo yakawa makali zaidi. Baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952, walokole wengi wa Kikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau, na baadhi yao waliuawa kwa sababu hiyo. Kwa kawaida jambo hili huelezwa kama suala la imani dhidi ya siasa. Mimi naliona pia kama mgongano wa aina mbili za maneno. Kiapo kinaishi kwa kutosemwa. Ushuhuda unaishi kwa kusemwa. Mtu aliyezoea kumwaga kila kitu mbele ya ndugu kila wiki hawezi kubeba siri ya msituni, na waliokuwa msituni walilijua hilo vizuri kuliko wachungaji.

Halafu kuna Rwanda, na hapa lazima niende polepole. Gahini iko Rwanda. Uamsho ulizaliwa humo. Mwaka 1994 watu waliuawa katika nchi hiyo hata ndani ya makanisa, na watu waliozoea kuimba pamoja. Siamini kwamba ushuhuda ndio uliosababisha, wala kwamba wote walioushika waliuacha. Wapo walioficha majirani wakalipa kwa uhai wao. Lakini ukitazama umbo lenyewe la ushuhuda, lilivyorithishwa kizazi hadi kizazi, unaona limejaa dhambi za mtu mmoja mmoja: wizi, pombe, uzinzi, uongo, uchawi. Nani angesimama aseme, nawachukia watu wa kabila fulani, na chuki hiyo nimefundishwa shuleni, nimeandikiwa kwenye kitambulisho? Umbo halikuwa na kiti cha dhambi kama hiyo. Na jambo ambalo usimulizi wako hauna nafasi nalo, halitubiwi, kwa sababu halisemwi.

Mtu aliyeona mbali kidogo ni Festo Kivengere. Mganda wa Kigezi, mlokole, aliyefundisha shule Dodoma miaka ya 1940 na 1950 na hivyo ni wetu pia kwa namna fulani. Akawa Askofu wa Kigezi mwaka 1972. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, Kivengere akakimbia nchi, na mwaka huohuo akatoa kitabu kidogo cha Kiingereza ambacho kichwa chake kinasema anampenda Idi Amin. Watu walishtuka, na wengine walikasirika. Lakini linganisha na Swema. Msamaha uleule wa mtesi, lakini safari hii aliyesamehe ndiye mwenye kalamu, jina lake liko juu ya jalada, na dhambi inayozungumziwa ni ya dola. Najua, wasomaji wake wengi walikuwa wa Ulaya na Marekani, kama wa Swema. Tofauti ni kwamba Uganda walimjua, na siku aliporudi baada ya Amin kuanguka mwaka 1979, wangeweza kumuuliza.

Leo ushuhuda uko kila mahali. Uko kwenye runinga, mtu anashikiwa maiki na mchungaji anayemsaidia kumalizia sentensi. Uko kwenye ripoti za mashirika. Hili la pili nalifahamu kwa karibu. Miaka kadhaa iliyopita shirika moja la kidini lilinipa kazi ya wiki mbili kuandika visa vya mafanikio. Fomu ilikuwa tayari: hali ya kabla, msaada, hali ya baada, nukuu moja ya shukrani, picha. Binti mmoja wa kidato cha tatu alinisimulia kwa saa nzima kuhusu bibi yake, aliyekaanga maandazi alfajiri kwa miaka sita ili yeye asome. Shirika lilikuja kulipa ada mwaka wa mwisho tu. Nikamwandika bibi na maandazi yake. Kisa kiliporudi kutoka kwa wahariri, bibi hayumo. Niliambiwa anawachanganya wasomaji. Nikamkumbuka mama yake Swema, ambaye angalau Padri Horner alimwacha abaki kwenye kisa na pembe zake begani.

Lakini kuna mahali pengine ambapo usimulizi wa zamani unaendelea bila kelele. Maaskofu Katoliki wa nchi zetu za Afrika Mashariki, katika mikutano yao ya 1973 na 1976, waliamua kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, na uamuzi huo umeshuka hadi sebuleni na uani kwa watu. Wanakutana nyumba kwa nyumba, wanasoma Injili ya Jumapili inayokuja, wanatafakari. Ukikaa nao utaona tafakari yao haichukui muda kuacha maneno makubwa. Baada ya dakika tano mtu ameshaanza kusimulia.

Juzijuzi mtaani kwetu Injili ilikuwa ya mwana mpotevu. Baba mmoja mwenye umri wa miaka hamsini hivi akaanza kueleza alivyotoroka kwao Mbinga akaja Dar es Salaam akiwa kijana, hana kitu, peku, hata viatu hana. Sauti ilikuwa imeshaanza kumtetemeka. Bibi mmoja aliyekaa kwenye mkeka karibu na mlango akamkatisha.

“Wewe, viatu ulikuwa navyo. Mimi ndiye niliyekupokea stendi. Vya kahawia, vya kaka yako.”

Watu wakacheka sana, na yeye akacheka. Akakohoa, akakiri ni kweli, viatu alikuwa navyo, aliviiba kwa kaka yake usiku ule wa kuondoka. Akaanza upya.